Karte yako isilale kwa mkebe wa mtu mwingine

Wandugu wachimbaji, wamama wenye kutwanga mawe, na ninyi wote munaokula kwa jasho la shimo, tunawasalimu kutoka Luberizi. Leo hatusemi juu ya bei ya dhahabu, wala juu ya kodi za njiani. Tunataka kusema juu ya kakaratasi kadogo kanakoingia mfukoni, kale ambako mtu anakakumbuka siku ya uchaguzi tu, na siku ambayo amefika kwa mpaka. Tunasema karte ya mpiga kura, lese-pase, pasipoti, na karatasi zote zenye kusema wewe ni nani wakati uko mbali na kwenu.

Tunasema hivi kwa sababu ya mguu wa ndugu yetu mmoja.

Ndugu huyo ni mtoto wa hapa kwetu. Alienda kuchimba kule Fizi, kama vijana wengi wa bonde la Ruzizi wanavyofanya wakati mashamba hayatoi kitu. Siku moja ya kwanza ya juma jiwe lilimwangukia na kuvunja mguu chini ya goti. Wenzake wakamtoa shimoni, wakamfunga na vijiti, wakampandisha kwa moto, kisha kwa gari, mpaka Uvira. Alifika siku ya nne, jioni. Mganga akamtazama vizuri, akatuambia mfupa huu unataka fundi wa mifupa, na haraka. Njia ya Bukavu ilikuwa imekatika juu ya vita. Palibaki Bujumbura, ile ambayo usiku tunaona taa zake kutoka ufukweni.

Asubuhi ya siku ya tano tulikuwa Kavimvira, kwa mpaka. Mke wake alikuwa na karte yake, kaka yake pia. Mgonjwa alikuwa na fotokopi tu, imekunjwa mara nne, sura haionekani tena. Mtu wa kazi akauliza: "Karte yenyewe iko wapi?" Tukatazamana. Shemeji yetu ndiye alijibu, kwa sauti ndogo: "Iko kwa mkebe, papa."

Mtu wa mpaka hakuelewa. Sisi tulielewa.

Mkebe wa maziwa

Wale waliofanya kazi kwa machimbo wanajua tunasema nini. Mchimbaji anafika kwa shimo hana kitu. Anahitaji unga, mafuta, tochi, buti. Kuna mtu wa hukohuko anayekopesha. Lakini anakopesha akiwa na rehani, ile sisi tunaita gaje. Wewe huna shamba wala mbuzi wa kuweka rehani. Unaweka karte. Huyo wa Fizi alikuwa anazipanga kwa mkebe wa maziwa ya unga, moja juu ya nyingine, kama mtu anayepanga biskuti. Ndugu yetu alikuwa na deni la dola 60.

Kaka yake akatoa wazo: twende tuombe karatasi ya kupoteza vitambulisho. Karatasi hiyo iko, na inasaidia mtu aliyepoteza kweli. Lakini yeye hakupoteza. Tungesema uongo kwa maandishi, na kesho angetafuta kwa nini karte yake iko mikononi mwa mwingine. Tukaamua kuifuata. Mmoja wetu akapanda moto kurudi Fizi na dola 60 tulizochanga hapo hapo Uvira, na mvua ilikuwa inanyesha, na njia mnaijua. Akaenda, akalipa, mkebe ukafunguliwa, akarudi. Tulivuka siku ya tatu ya juma lililofuata.

Kule Bujumbura mguu ulikatwa. Daktari hakutuambia ni juu ya siku tano zile. Alisema tu kwamba mguu ulifika umechelewa. Tangu siku ile hatuwezi kuitazama karte kama kitu cha kuchezea.

Tuseme pia ukweli wetu sisi wa sindika. Mkebe ule tuliujua. Tulipita pale mara nyingi kwa mikutano, tukauona juu ya meza, tukazungumza juu ya usalama wa shimo, juu ya mbao na hewa, tukaondoka. Hatukusema neno juu ya mkebe. Tulifikiri ni mambo ya deni, ni mambo ya mtu na mwenzake. Hapo tulikosa.

Anayeshika karte anakushika wewe

Jambo hili si geni. Wazee wetu walilijua kwa namna nyingine. Wakati wa Wabelgiji, mtu hakuweza kuhama eneo lake kama anavyotaka. Alihitaji karatasi ya ruhusa. Kule Kenya Waingereza walitunga sheria mwaka wa 1915, wakaanza kuitumia kwa nguvu karibu na 1920: kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande. Wengi walikivaa shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mwenye kazi aliandika mshahara, na siku ambayo mtu ameachiliwa. Kama hakuandika, mfanyakazi hakuweza kwenda kutafuta kazi pengine. Watu walikasirika. Harry Thuku aliwakusanya Nairobi mwaka wa 1921 kupinga mambo hayo, na alipokamatwa mwezi wa tatu wa 1922, umati uliokuja kumdai ulipigwa risasi. Kipande kilifutwa nyuma ya vita ya pili ya dunia.

Angalieni tofauti. Kipande kiliandikwa na serikali ya wakoloni ili kumfunga mfanyakazi. Karte ya leo ni haki yetu, tulipanga mstari kwa jua ili tuipate. Lakini siku unapoiweka kwa mkebe wa mtu, wewe mwenyewe umeigeuza kuwa kipande. Hauwezi kutoka kwa shimo, hata kama shimo ni baya. Hauwezi kwenda kumzika mama yako ng'ambo ya mto. Anayeshika karte yako anakushika wewe.

Si sisi peke yetu tunaosema hivyo. Shirika la Kazi la Dunia, lile la Geneva, liliweka alama 11 za kutambua kazi ya kulazimishwa. Moja kati yake ni hii: mwenye kazi kushika vitambulisho vya mfanyakazi. Liko pamoja na kupiga watu, kunyima mshahara, na kumfunga mtu kwa deni. Na nchi yetu ilikubali mkataba wa kukataza kazi ya kulazimishwa, ule nambari 29, tangu mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru wenyewe.

Dada zetu wengi wa Kenya, Uganda na Burundi wanaoenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na Oman wanasimulia habari ileile: unashuka ndegeni, bosi anachukua pasipoti, anaifungia kwa kabati. Ukipigwa, utakimbilia wapi bila pasipoti? Kabati ya kule na mkebe wa huku ni ndugu. Kama kuna binti nyumbani kwako ambaye watu wanamwahidi kazi ya Uarabuni, mwambie neno hili kabla hajatia sahihi: pasipoti inakaa kwako. Na fotokopi inabaki kwa mama.

Ulimi hauna mpaka

Kwetu bondeni kuna sababu nyingine ya kubeba karte. Mto Ruzizi ni mpaka kwenye ramani, lakini ulimi hauna mpaka. Mtu wa Luberizi anasema Kirundi, anasema Kifuliiru, anasema Kinyamulenge, anasema Kiswahili, na ng'ambo kuna watu wenye kusema lugha hizohizo, wenye majina yaleyale. Kwa sura huwezi kujua huyu ni wa wapi. Ndiyo maana kwa kila bariyeri, huku na kule, mtu anaulizwa. Na kwa wakati wa vita anaulizwa mara mbili. Mtu asiye na karatasi anahukumiwa kwa pua yake, ao kwa namna anavyotamka neno moja. Hatukubali watu wahukumiwe hivyo, na kwa sindika yetu hatuulizi kabila. Lakini mpaka dunia ibadilike, karte inajibu kabla hasira haijapanda.

Tunakumbuka mwezi wa pili wa 2025. Bukavu ilipoanguka, hofu ikashuka bondeni, na watu makumi ya maelfu wakavuka Ruzizi kuingia Cibitoke. Wengine walivuka kwa maji, na kuna waliozama. Wengi walilala kwa uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakapelekwa mbali, mpaka Musenyi upande wa Rutana. Wengine wetu walikuwa kati yao. Kwa mbio zile nani alikumbuka karte? Mama anashika mtoto, anashika sufuria, basi.

Kwa hiyo tuseme wazi, ili pasiwe mtu wa kuogopa bure. Mkimbizi asiye na karatasi si mwizi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema mtu anayekimbia hatari asipewe azabu kwa sababu aliingia bila ruhusa, mradi ajitokeze mbele ya wakubwa bila kukawia na kueleza sababu. Na unasema nchi iliyompokea impe karatasi ya utambulisho kama hana. Kama vita inakukuta bila karte, okoa watoto kwanza, kisha ukifika ng'ambo jiandikishe kwa jina lako la kweli. Usibadilishe jina juu ya hofu. Jina la uongo linakufuata: siku ya kurudi, siku ya kutafuta mtoto aliyepotea, halitakuwa lako.

Karatasi gani, kazi gani

Kila siku watu wanatuuliza maswali yaleyale. Tunajibu hapa tunachokijua.

Karte ya mpiga kura. Kongo haijafanya hesabu ya watu tangu 1984, na kwa miaka mingi hatukuwa na kitambulisho cha taifa. Karte ya taifa ilizinduliwa Kinshasa mwaka wa 2023, lakini sisi wa shimoni tunaisikia kwa redio tu. Kwa hiyo karte ya mpiga kura ndiyo inashika nafasi ya kitambulisho. Ni mzizi: karatasi zingine za njia zinaota juu yake. Na mzizi huu unaoza. Karte za uandikishaji wa 2023 nyingi zimefifia, sura imekuwa kivuli. Mwenye kushuka nayo shimoni, kwa jasho na matope, anaimaliza kwa miezi michache. Ifunge kwa sashe ya plastiki, uiache juu kwa mtu wa nyumbani mwako wakati unashuka. Kwa mtu wa nyumbani, si kwa mkopeshaji.

Karte ya mchimbaji. Hii inatolewa na Divizio ya Mine, inadumu mwaka mmoja, na inakupa ruhusa ya kuchimba. Sheria ya mine ya 2002, jinsi ilivyobadilishwa mwezi wa tatu wa 2018, inataka pia uwe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Ni karatasi nzuri, tunapigana kila mchimbaji aipate. Lakini haivuki mpaka. Tumeona vijana wanaitoa kwa Kavimvira kama vile ni pasipoti. Pale haisemi kitu.

Lese-pase na karatasi ya CEPGL. Jumuia hiyo ya Kongo, Rwanda na Burundi ilizaliwa mwaka wa 1976, na mpaka leo watu wa mipakani wanatembea kwa karatasi zake. Zinatolewa na DGM. Zina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Watu wengi hawasomi siku ya kuisha. Wanaenda kutunza mgonjwa, wiki zinapita, na kwa kurudi wanakuwa na kosa ambalo hawakulijua. Siku unapoipokea, mwambie mtoto anayesoma akusomee tarehe kwa sauti, hata kama wewe unajua kusoma.

Pasipoti. Tunakumbuka wakati ilikuwa dola 185, bei ya kumfukuza maskini. Imeshuka tangu hapo, lakini bado ni nzito kwa mchimbaji. Kama unaenda mbali kuliko Burundi, ndiyo yenye usalama. Kongo iliingia kwa Jumuia ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na vijana wanafikiri sasa karte inatosha mpaka Mombasa. Hapana. Mapatano ya kutembea kwa kitambulisho tu, yale ya 2014, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda kati yao. Wewe unayepanda mashua kwenda Kigoma kufanya biashara, usidanganywe na mtu wa bandarini.

Na usisahau karte ya njano ya chanjo. Ni kitu kidogo, lakini kwa mpaka inaweza kukuchelewesha kama ile kubwa.

Neno moja tena, tunalisema kwa upole. Karte kwa mfuko mmoja na dhahabu kwa mfuko mwingine haviendi pamoja. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Hakisemi dhahabu hiyo imetoka wapi. Dhahabu ina karatasi zake za kutoka nchini, na mchimbaji mdogo hana njia ya kuzipata akiwa peke yake. Ukikamatwa nayo ng'ambo utapoteza mali, na pengine utapoteza na miezi ya maisha.

Tulichoanza kufanya

Nyuma ya mambo ya mguu tulirudi kule Fizi, kisha tukazunguka mashimo ya karibu na kwetu. Hatukuenda kwa kelele. Tuliketi na mapedeje na wakopeshaji, maana wao pia wana pesa zao kati, na mtu akikopesha anataka kulipwa. Tuliwaambia: deni liandikwe kwa daftari, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa mkopeshaji na mmoja wa mchimbaji. Kila siku ya kugawanya mchanga, sehemu itolewe mpaka deni liishe. Karte irudi kwa mwenyewe leo.

Kuna waliocheka. Mmoja alituuliza: "Na kama akikimbia na deni langu?" Swali ni la haki. Tulimjibu hivi: mwenye kukimbia atakimbia hata bila karte, atachukua nyingine kwa jina lingine. Mwenye kubaki anabaki kwa sababu ana wenzake na heshima yake. Mashahidi watakulipa kuliko mkebe. Mashimo mengine yamekubali. Mengine bado. Tunapopita sasa, kitu cha kwanza tunachouliza ni: karte ziko wapi?

Ndugu yetu amerudi Luberizi. Anatembea na magongo, anauza vocha za telefone karibu na njia kubwa. Karte yake anaivaa shingoni, ndani ya sashe. Muzee mmoja alimtania: "Mjukuu, umerudia kipande cha wakoloni?" Akajibu: "Hapana, baba. Hii nimejivika mwenyewe."

Sasa tunawaomba wote mufanye mambo haya kabla ya safari, hata safari ya siku moja. Toa fotokopi mbili za karte: moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa mzigo mwingine, si pale ulipoweka karte yenyewe. Piga picha kwa telefone, na umtumie mke ao mume, maana telefone yako inaweza kuanguka majini. Nyuma ya fotokopi andika namba ya mtu wa nyumbani, na jina la kijiji. Angalia kwamba jina lako linaandikwa namna moja kwa karatasi zote. Herufi moja inatosha kukulaza njiani. Watoto waandikishwe kwa biro ya état-civil ndani ya siku 90 za kwanza, wakati haitozi pesa, ili wasianze maisha yao bila jina. Na ukiona mwenzako anapelekwa mbali akiwa mgonjwa, usimuulize kwanza kama ana pesa. Muulize kama ana karte.

Tunasema hili la mwisho kwa wamama zaidi, kwa sababu ninyi ndio munabaki na kusubiri. Mchimbaji anaweza kufia mbali. Akiwa na karte, watu wasiomjua watasoma jina, watapiga simu, na atarudi kulala kwa udongo wa kwao. Akiwa hana, atazikwa kama mtu asiyejulikana, na ninyi mutaendelea kutazama njia miaka na miaka.

Mtu wako akipiga simu kutoka shimoni, muulize amekula nini, muulize amepata nini. Kisha muulize karte yake iko wapi. Akijibu iko kwa mkebe wa mtu, usinyamaze. Njoo utuambie, tutaifuata pamoja.